Ukichimba Pisini Kisangani, Umefungua REGIDESO Yako

Kisangani haikosi maji ya kutazama. Mto Kongo unapita mbele ya mji ukitoka kwenye maporomoko ya Boyoma, Mto Tshopo unakatisha upande wa kaskazini, na mvua haikai mbali mwezi wowote wa mwaka. Hata hivyo, mtaa wa Makiso na kwingineko ambako wenye uwezo wamejenga, zipo nyumba ambazo nyuma ya ukuta wake kuna shimo la saruji lenye vigae vya buluu, na ndani yake maji ambayo mwenyewe hawezi kuyapa kisogo hata wiki moja. Wenyeji huliita pisini. Wageni hulisifu. Anayelilipia huhesabu kimoyomoyo.

Bwawa la kuogelea la nyumbani lina masharti ambayo fundi hayataji siku ya kupatana bei. Humlazimu mwenyewe kufanya, ndani ya parseli yake, kazi yote ambayo shirika la maji hulifanyia jiji zima: kutafuta maji, kuyatuliza uchafu utue, kuyachuja, kuyatia dawa, kuyapima na kuyasukuma kwa umeme. REGIDESO, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilipewa mitambo na mafundi kwa kazi hiyo. Mwenye pisini ana sentineli, yaani mlinzi wa nyumba, brashi na ndoo ya klorini. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Pisini huundwa upya kila asubuhi.

Mto upo, bwawa la nini?

Swali hilo ni la haki. Watoto wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko, huyazoea maji ya kasi tangu wadogo, palepale ambapo baba zao hutega samaki kwa madema makubwa yanayofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maporomoko. Lakini ujuzi wa Wagenya si wa kila mkazi wa Kisangani, na mto una hatari ambazo jicho halizioni.

Mwaka 1934, daktari wa misheni ya Yakusu, kituo kilichoko ukishuka mto kutoka mjini, alichapisha utafiti kuhusu kichocho cha wilaya ya Stanleyville, jina la Kisangani enzi za Wabelgiji. Daktari huyo, A. C. Fisher, alieleza aina ya kichocho inayoshambulia utumbo, na mdudu wake akapewa jina la kisayansi la Schistosoma intercalatum. Kwa hiyo aina nzima ya ugonjwa iliingia kwenye vitabu vya tiba duniani kutokana na wagonjwa wa hapa. Kijidudu chake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Pisini isiyo na konokono na yenye klorini ya kutosha haina njia ya kukipitisha.

Miaka 17 baadaye, watengenezaji wa filamu ya The African Queen walipiga kambi Biondo, kando ya Mto Ruiki, kusini mwa Stanleyville. Wengi wao waliugua tumbo, na lawama zikaangukia maji. Mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart walipona, na simulizi maarufu inasema ni kwa sababu walikunywa wiski mahali pa maji. Mapumziko ya mwisho wa wiki kando ya maji ya Tshopo hayajawahi kuwa salama kwa sababu tu mandhari yanapendeza.

Ipo pia sababu nzito kuliko starehe. Huu ni mji wa mto. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji, na watu wengi husafiri kwa mashua za mbao zilizosheheni mizigo na abiria, bila maboya, na wengi wao hawajui kuogelea. Ajali za mashua huua watu karibu kila mwaka. Bwawa lenye kina kinachojulikana, maji angavu na mtu mzima anayeangalia ndilo darasa salama la kumfundishia mtoto kuelea. Mwenye pisini anayeruhusu watoto wa jirani wafundishwe humo anaweza kutetea gharama yake mbele ya yeyote.

Bidoni 2,400

Tuchukue bwawa la wastani: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Hilo linameza mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kwa lugha ya mtaani ni bidoni 2,400 za lita 20. Mama anayepanga foleni bombani Mangobo au Kabondo akichota bidoni tano kwa siku, atahitaji siku 480 kuyafikisha maji hayo.

Anayetegemea bomba la REGIDESO anajua kwamba maji hutoka pale umeme unapokuwapo, na presha hushuka kadiri mtaa ulivyo mbali na mitambo. Kujaza bwawa kwa njia hiyo huchukua siku nyingi, na kila usiku bomba linapofunguliwa kwa ajili ya pisini, nyumba za chini ya mtaa huenda zikabaki na matone. Ndiyo maana wengi huchimba kisima au kutoboa foraji, yaani kisima kirefu cha bomba.

Kisima nacho kina tabia zake. Maji ya ardhini ya bonde la Kongo, yanayopita kwenye mchanga uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, kwa kawaida ni mepesi na yana asidi. Hayana chokaa ya kutosha, hivyo huitafuta pale ilipo, nayo ipo kwenye saruji ya bwawa. Baada ya miaka michache kuta huanza kukwaruza miguu, viungo vya vigae hulika, na fundi mwashi huitwa kuziba nyufa ambazo chanzo chake ni maji yenyewe. Mahali penye madini ya chuma mambo huharibika siku ileile: maji hutoka kisimani yakiwa angavu, yanatiwa klorini, na saa chache baadaye yamekuwa ya kahawia. Klorini imekichoma kile chuma kilichokuwa kimeyeyuka, nacho kimegeuka kutu inayoelea.

Dawa yake inajulikana. Asidi hutulizwa kwa magadi au chokaa, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha pH kifike kati ya 7.2 na 7.6. Kutu na tope hutulizwa kwa shabu, ileile ambayo mitambo ya maji ya mijini hutumia: huikusanya taka laini ikawa mabonge, mabonge yakazama, kisha yakafyonzwa kutoka sakafuni. Anayeruka hatua ya pH hulipa kwa njia nyingine. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu tu ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo. Mtu anaweza kumwaga ndoo nzima ya dawa na maji yakabaki mabichi, kwa kuwa hakupima.

Mvua isiyo na likizo

Ulaya, mwenye bwawa hulifunika wakati wa baridi na kulisahau miezi kadhaa. Kisangani iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Joto la wastani ni nyuzi 25 mwaka mzima, na mvua hufikia takriban milimita 1,700 kwa mwaka, ikizidi kati ya Septemba na Novemba na tena kuelekea Aprili na Mei. Hakuna msimu wa kufunga.

Hesabu ya mvua hiyo inashangaza. Bwawa letu lina uso wa mita za mraba 32. Milimita 1,700 juu ya uso huo ni lita zaidi ya 54,000. Yaani kila mwaka anga humwaga humo maji mengi kuliko bwawa lenyewe linavyobeba. Yanayozidi hufurika na kutoka, yakichukua klorini, magadi na kila kilichonunuliwa. Maji ya mvua hayana chokaa wala nguvu ya kuzuia pH isiyumbe, kwa hiyo baada ya dhoruba kubwa pisini iliyokuwa sawa jioni huamka asubuhi ikiwa haina kinga.

Tena mvua haiji peke yake. Upepo unaoitangulia hushusha majani ya mwembe na mparachichi. Maji yanayotiririka uani huingiza udongo mwekundu ikiwa fundi hakuinua kingo. Usiku baada ya mvua, kumbikumbi hufuata taa na kujimwaga juu ya maji kwa maelfu, na alfajiri mbawa zao zimeziba kikapu cha pampu. Vyura huja kutaga. Kila jani na kila mdudu ni chakula cha mwani, na kila kipande kinachooza hula klorini iliyokusudiwa vijidudu vya magonjwa. Ndiyo sababu mti mzuri wa kivuli, uliopandwa karibu mno na bwawa, hugeuka kuwa kazi ya mtu mzima kila siku.

Mwenye kuanza ujenzi leo anaweza kujipunguzia mateso kwa mambo matatu: kingo ziinuke juu ya uwanja, mfereji uzunguke bwawa lote, na taa za usiku ziwekwe mbali na maji. Ni nafuu kuyafanya kabla ya saruji kukauka.

Umeme unapokatika

Chujio la mchanga ndilo moyo wa pisini, na moyo huo hupigwa na pampu. Mafundi wanaofuata desturi ya Kifaransa wana kanuni rahisi: chukua joto la maji, gawanya kwa mbili, jibu ndilo saa za kuchuja kwa siku. Maji ya Kisangani yakiwa nyuzi 28, pampu inatakiwa izunguke saa 14. Pampu ndogo ya wati 750 itakula zaidi ya kilowati-saa 10 kila siku.

Hapo ndipo SNEL, shirika la umeme, inapoingia. Jiji hutegemea kituo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1950 kwenye Mto Tshopo, chenye mashine tatu ambazo kwa pamoja hazifiki megawati 20 hata zote zikiwa nzima. Jiji limekua mara nyingi zaidi ya lile la Wabelgiji, mashine zimezeeka, na zikiharibika umeme hugawiwa kwa zamu. Wakazi wenye umri wanakumbuka hali mbaya kuliko hiyo: Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita katikati ya mji, umeme na maji ya bomba vilikatika kwa pamoja, na watu wakarudi kuchota mtoni huku mabomu yakianguka.

Siku za kawaida, umeme ukikatika mwenye pisini hutazama jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hunywa kama lita moja kwa saa, na saa 14 ni lita 14, kwa maji ambayo huenda siku hiyo hakuna aliyeyaingia. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miezi michache pampu huwashwa saa tatu badala ya 14, kisha Jumamosi tu, kisha wageni wanapotarajiwa.

Kwa aliyechoka kununua petroli, njia bora zaidi siku hizi ni jua. Paneli zenye pampu yake maalumu hufanya kazi mchana bila betri, saa zilezile ambazo mwani hukua kwa kasi. Zinagharimu fedha nyingi mwanzoni, lakini haziombi petroli. Na siku za mawingu mazito kazi ya mikono haina mbadala: wavu wa kuondoa majani asubuhi na jioni, brashi ngumu ukutani mara mbili au tatu kwa wiki, shabu usiku, na kesho yake mpira wa kufyonza tope la sakafuni kwa mteremko tu, bila pampu. Ni kazi ya kuchosha, ila maji hubaki angavu.

Klorini na hatari zake

Klorini ya unga inayouzwa mjini hufika kwa njia ndefu. Ama inapanda mto kutoka Kinshasa, ama inapita barabara ya mashariki kupitia Butembo, Komanda, Nia-Nia na Bafwasende, ama inashuka na ndege kwenye uwanja wa Bangboka. Barabara ikioza au usalama ukivurugika, bei hupanda. Na unga huo hupoteza nguvu kwa joto na unyevu, vitu ambavyo Kisangani ina akiba yake. Ndoo iliyokaa dukani mwaka mzima ikiwa imefunguliwa inaweza kuwa na nusu ya nguvu iliyoandikwa ubavuni. Mnunuzi mwangalifu hutazama tarehe, hukagua kifuniko na hununua kidogo kidogo.

Wakati wa kuitia ni jioni. Jua kali la mchana huivunja klorini isiyo na kinga kwa kasi, nusu yake ikapotea chini ya saa moja. Ikitiwa machweo, ina usiku mzima wa kufanya kazi. Kiwango kinachofaa ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na hakijulikani kwa kunusa. Harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi huichukulia kuwa dalili ya usafi, mara nyingi hutokana na klorini iliyoshikana na jasho na mkojo, ishara kwamba dawa imechoka. Vifaa vya kupimia kwa rangi ni vidogo na rahisi, na hakuna ununuzi unaorudisha fedha haraka kuliko huo.

Sasa yale ambayo sentineli lazima aelezwe kabla hajakabidhiwa ndoo. Unga hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya unga. Haukutani na asidi, kwani hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Hauchanganywi na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata kwa kijiko kilekile, maana mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Na hauwekwi chumba kimoja na petroli ya jenereta. Kosa hilo la mwisho ni rahisi mno kutendeka, kwa kuwa nyumba nyingi zina kibanda kimoja tu nyuma ya uwanja, na kila kisicho na mahali hutupwa humo. Unga wa klorini ukikutana na mafuta huweza kuwaka bila kiberiti. Glavu, miwani na kibanda cha pili ni sehemu ya bei ya pisini.

Bwawa likiachwa

Mwenyewe akisafiri, au fedha zikiisha, maji hayakai yakimngoja. Katika joto letu hugeuka kijani ndani ya siku chache. Mbu humaliza safari yake kutoka yai hadi kuruka katika muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo pisini iliyotelekezwa likizo moja tu ya shule inaweza kulisha mtaa mzima malaria, ugonjwa ambao Kongo ni miongoni mwa nchi zinazouumia zaidi duniani.

Jambo hili limeshachunguzwa pwani ya Kenya. Huko Malindi, mji wa nyumba za kitalii ambazo nyingi hukaa tupu msimu wa wageni unapokwisha, watafiti waliozunguka kupima maji yaliyotuama walikuta mabwawa ya kuogelea yasiyotumika ni miongoni mwa mazalio makubwa ya mbu mjini, wakiwamo Anopheles wanaoeneza malaria. Ukuta mrefu wa tajiri haumzuii mbu kwenda kwa jirani.

Na anayedhani fedha peke yake hutosha, atazame kaskazini-magharibi, Gbadolite. Rais Mobutu alijijengea huko na Kawele jirani makasri yenye mabwawa ya kuogelea, katikati ya msitu, akiwa na hazina ya nchi mkononi. Mei 1997 alikimbia, askari na waporaji wakaingia, na leo mabwawa hayo ni mashimo makavu yenye nyufa na majani. Walioyatunza waliondoka, basi.

Kwa aliyeshindwa, zipo njia za heshima. Ya kwanza ni kulikausha kabisa na kutoboa sakafu ili maji ya mvua yasisimame. Ya pili ni kuacha klorini iishe na kufuga tilapia, kazi ambayo wakazi wengi wa mkoa wa Tshopo wanaijua vizuri kuliko kemia ya pisini. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, na mwaka haujaisha kuna kitoweo. Ya tatu ni kulifanya tangi la maji ya mvua, lenye kifuniko, kwa kufulia na kumwagilia.

Kipimo kilekile

Mwaka 2025 Tshopo ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Kongo iliyokumbwa na kipindupindu. Mahali kama hapo, wahudumu wa afya husimama kwenye vituo vya kuchotea maji na kutia klorini ndani ya bidoni moja moja. Tupige hesabu. Bwawa letu la lita 48,000, likitiwa miligramu 2 kwa lita, linatumia gramu 96 za klorini halisi, ambazo ni kama gramu 140 za unga wa dukani. Maji angavu ya kunywa hutibiwa kwa kipimo cha karibu hicho hicho. Kwa hiyo dawa ya jioni moja ya pisini ingetosha kuzifanya salama bidoni 2,400.

Hesabu hiyo haimhukumu mtu kwa kuwa na bwawa. Inaonyesha kwamba anayelitunza vizuri tayari ana maarifa ambayo mtaa wake unayahitaji: anajua kupima pH, kutuliza tope kwa shabu, kukadiria klorini, kuendesha pampu kwa jua. Ana foraji ambayo bomba lake linaweza kutokeza nje ya ukuta. Ana sentineli ambaye, akifundishwa ipasavyo na kulipwa kwa ujuzi huo, anaweza kuangalia tangi la shule au la zahanati kwa saa moja kwa wiki.

Basi kwa anayefikiria kuchimba, ushauri ni huu: kabla ya kumwita mwashi, weka kando fedha za miaka mitatu ya petroli au paneli, dawa, mchanga wa chujio na mshahara wa mtunzaji. Zisipotosha, jenga kisima kizuri na tangi, na watoto wapelekwe kujifunza kuogelea mahali penye bwawa linalotunzwa. Na kwa aliyekwisha kuchimba: pima maji kila siku, tenganisha klorini na petroli leo hii, usisafiri bila kuacha mtu anayejua kazi, na toa bomba moja nje kwa ajili ya jirani.